Hodi kwenye Kichuguu

Kabla hujainua tofali lililolala chini, jiulize linafungukia wapi. Shika ukingo wa mbali, uvute uje kwako, tofali libaki kati yako na kilichokuwa chini yake. Akiwemo nyoka, ataona njia nyeupe mbele yake na atakwenda zake. Ukiinua ukingo ulio karibu nawe, umemfungulia mlango unaotazama vidole vyako vya miguu. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa kazini, na ninyi vijana wangu, hata mkiyasahau mengine yote nitakayosema hapa, hilo moja mlibebe.

Najua mnacheka. Siku hizi mnajenga kwa bloku za saruji, na mnasema nyoka ni habari za kijijini. Lakini nyoka hawajaambiwa kwamba Arua ni jiji. Juzi, huku Mvara, vijana wa jirani walinipigia simu nikawaondolee nyoka kwenye rundo la matofali. Nikajikongoja na fimbo yangu na goti langu bovu, nikafika nikakuta wameshamponda kwa mipini ya majembe na mmoja anampiga picha. Alikuwa nyoka wa nyumba, wa kahawia, mwenye mistari miwili ya rangi hafifu inayopita machoni, asiye na sumu ya kumdhuru mtu. Nikawauliza, sasa panya mtawakamata ninyi? Mmoja alificha simu. Nikarudi nyumbani nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mimi ni Rajabu, mtoto wa Arua, wa ukoo wa wale askari wa zamani waliotoka Sudani, sisi Wanubi. Kwetu mvulana alizaliwa buti zake zikimngoja uvunguni. Mimi nyayo zangu ni bapa kama chapati, jeshi halikunitaka, na mwaka wa sabini na moja nikaingia kwenye kazi ya matofali. Baba alisema si kitu, udongo haumfukuzi mtu kazi. Ulikuwa wakati mzuri wa kuanza. Vijana wa Arua na Koboko waliokuwa jeshini walitaka kuwajengea mama zao nyumba za tofali la kuchoma na mabati, na kila mama aliyepata nyumba, jirani yake alinuna mpaka naye apate.

Mkubwa wetu alikuwa Fundi Kenyi, Mkakwa wa Koboko, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Wengine walipima ukuta kwa uzi, yeye alipima kwa macho. Alifumba moja, akautazama mstari kwa lile lingine, kisha akanyoosha kidole kwenye tofali lililopinda, na kweli lilikuwa limepinda. Lakini kazi kubwa ya macho yale ilikuwa kwenye tanuru. Tofali huivishwa kwa rangi ya moto, na moto una rangi nyingi kuliko mnavyodhani. Ukiziba midomo ya tanuru mapema, matofali yanatoka mabichi na mvua inayarudisha kuwa matope. Ukichelewa, yanayeyuka na kugandana. Kundi zima tulikula kwa macho ya mtu mmoja, na kila mmoja wetu alilijua hilo.

Sasa, udongo bora wa tofali uko kwenye kichuguu. Mchwa ameshauchekecha, hauna mawe wala mizizi. Tatizo ni kwamba kichuguu kina wapangaji. Mchwa wakihama upande mmoja, panya anaingia, kenge anaingia, na nyoka anawafuata. Kwa hiyo Kenyi alikuwa na desturi. Kabla sururu haijashuka, alikigonga kichuguu kwa kisigino cha mpini, kwa utulivu, akisema, “Hodi. Sisi iko watu ya matofali. Kama iko mutu ndani, atoke.” Kisha tulikaa mbali tukanywa chai. Nyoka hana masikio kama yetu, lakini mtikisiko wa ardhi unamfikia mwilini. Mara nyingi, chai ikiwa nusu, tuliona kitu kinateleza upande wa pili na kupotelea kwenye nyasi. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata. Kenyi alisema aliyetoka kwa hodi hafukuzwi kwa fimbo.

Msemo wake mwingine ulikuwa huu: “Mukono hapana tangulia jicho.” Aliusema asubuhi, mchana, hata wakati wa kula. Tulimtania kwamba siku ya harusi yake alimchungulia bibi arusi kwa fimbo ndefu kwanza.

Wiki yangu ya kwanza nilipasua bonge la udongo, akatoka nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu, anang'aa, hajulikani kichwa wala mkia. Nilitupa jembe nikakimbia, na katika kukimbia nikapita juu ya matofali mabichi yaliyoanikwa, safu nzima, nikiacha nyayo zangu bapa kwenye kila moja. Kenyi alimwokota yule mdudu kwa jani, akanionyesha. Alikuwa nyoka kipofu, anayekula mayai ya mchwa, mdomo wake hauwezi kushika hata kidole cha mtoto mchanga. “Huyu nakimbia wewe,” Kenyi akasema, “na wewe nakimbia yeye. Nani nabaki kufanya kazi?” Matofali yale yenye nyayo yalichomwa hivyo hivyo. Yako kwenye ukuta wa nyumba moja njia ya Ediofe, upande wa jikoni, na mwenye nyumba alikuwa akiwaonyesha wageni.

Basi nikaanza kujifunza majina na tabia, na hapa nawaomba muwe makini. Nyoka hatambuliwi kwa rangi peke yake. Rangi inadanganya. Angalia mwili, angalia anavyokwenda, angalia anafanya nini akikuona. Yule wa nyumba mmeshamjua. Wa kijani wa mtini, wako wasio na neno na wako wa kuua, na mimi baada ya miaka yote hii siwezi kuwatenganisha kwa mbali, kwa hiyo wote nawaachia mti wao. Chatu nilimwona mara chache kando ya vijito vya Koboko, naye alikuwa na shughuli zake. Na nikigusia Koboko: watu wa pwani wakisikia jina la mji huo wanashtuka, maana kwao koboko ni nyoka mweusi mkali ajabu. Nimefanya kazi pale misimu mingi na huyo sijawahi kumwona.

Niliyemwona ni bafe. Matofali mabichi tuliyafunika kwa nyasi ili jua lisiyapasue, na siku moja hapo Koboko mwenzetu Lemi, mtu wa mzaha asiyekauka maneno, alikuwa ameketi karibu na safu akila muhogo. Akasikia upepo unatoka, fsss. Akanyanyuka akaenda kukagua baiskeli ya Kenyi. Akabonyeza tairi la mbele, gumu. La nyuma, gumu. Akarudi kuketi, upepo ukatoka tena. Akamwita Kenyi kumwambia baiskeli yake ina ugonjwa usioonekana. Kenyi alisimama pale alipokuwa, akasema kwa sauti ya chini, “Lemi, kuja huku. Pole pole. Hapana rudi pale.” Kenyi akaliinua fungu la nyasi kwa mti mrefu, na chini yake tukamwona: mnene, mkia mfupi, mgongoni alama kama ncha za mishale zimepangwa moja nyuma ya nyingine.

Bafe hajali hodi. Wengine ukikanyaga kwa kishindo wanaondoka, yeye anatulia akitegemea kwamba hutamwona, na ukimkanyaga anauma kufumba na kufumbua. Kwa hiyo hodi peke yake haitoshi, lazima na jicho. Tangu siku hiyo nyasi hatukuzilaza tena juu ya matofali. Tulizisimamisha kwenye vijiti, mwanga upite chini, na kila asubuhi tulizifunua kwa mti. Lemi naye, kwa miezi mingi, akisikia sufuria inachemka alikuwa anaruka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi tulimwambia wewe hukuumwa hata, umepumuliwa tu.

Huyo Lemi alivaa shingoni jiwe jeusi, lile linalosemwa kunyonya sumu. Sina ugomvi na anayelivaa. Nina ugomvi na anayelitumia kupoteza muda. Mtu akiumwa, msimchanje, msimfunge kamba ya kukaza mpaka mguu uwe mweusi, msimpe pombe. Mlazeni, mguu usitikisike, mfungieni kijiti kando yake, mumbebe mkampeleke hospitali, yeye asitembee. Na nyoka msihangaike kumsaka, maana anayesaka ndiye atakayeumwa wa pili.

Nirudi kwenye panya. Kambi yetu ya Koboko ilikuwa na kibanda cha posho, na kwenye kibanda alikaa nyoka wa nyumba. Siku Kenyi alipokwenda msibani, tukamuua kwa sherehe. Mwezi haukuisha, panya wakawa wamejaa. Walikula unga, walikula kamba, walikula sabuni, walikula kola ya shati la Lemi. Nyuma ya panya akaja swila, yule nyoka anayetema sumu. Sisi tuliomuua mlinzi mpole tukaletewa jambazi. Kenyi alirudi, akatazama kile kibanda, akasema tu, “Sawa. Sasa muzoee.” Ilibidi tuvunje kibanda, tusogeze kuni mbali na pa kulala, tufagie kila punje, na unga tuuweke kwenye pipa lenye kifuniko. Panya wakapungua, na swila akahama mwenyewe. Fagio, vijana wangu, limefukuza nyoka wengi kuliko fimbo.

Swila ndiye ninayetaka kuwaeleza hasa, kwa sababu ndiye aliyetaka kutufunga midomo sote tusile.

Mwaka mmoja tulikuwa Arua, kwenye bonde chini ya Mvara. Kichuguu tulichochimba kilikuwa cha Mama Adiru, mwanamke wa Kilugbara aliyerithi kichuguu hicho kwa mama mkwe wake. Mjue kwamba hapa kwetu kichuguu kina mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe, kwa sababu ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha wanatoka wenye mabawa, na mwenye kichuguu anawanasa kwenye shimo na chungu, anawakaanga, watoto wananenepa. Mama Adiru alitupa upande mmoja, uliokufa, tuumalize. Upande wa pili ulikuwa hai, na ulikuwa wa kumbikumbi wake.

Tulimaliza upande wetu, matofali yakakauka, tukayapanga kuwa tanuru. Ikabaki kazi moja: kulikandika tanuru kwa udongo nje ili moto usivuje. Mvua ya kwanza ikanyesha alfajiri, kidogo tu, ya kututisha. Ingenyesha nyingine kubwa kabla hatujachoma, kazi ya msimu mzima ingekuwa matope. Udongo wetu umekwisha. Kenyi akamwendea Mama Adiru kumwomba toroli chache za upande ulio hai.

“Chukua hapo chini, kwa mguu yake,” Mama Adiru akasema. “Chimba pole pole. Lakini hapana gonga.”

“Mama, siku zote sisi nagonga. Iko nyoka.”

“Leo mvua imenyesha. Wewe ukigonga leo, unaita onya. Na onya inaita wote.”

Onya ndiyo kumbikumbi kwa Kilugbara. Na kila mtoto wa West Nile anajua jambo hilo: baada ya mvua, ukikipigia kichuguu kama ngoma, wale wadudu wanatoka. Kenyi naye alilijua tangu utotoni. Lakini tulipofika kwenye kichuguu tulikuta gamba la nyoka limekwama kwenye tundu, refu, bado laini. Ameshajivua na yumo ndani. Kenyi akalitazama gamba, akatazama mawingu, akaamua hofu ya nyoka ni kubwa kuliko onyo la Mama Adiru. Akatuambia tugonge, tena sote, tena kwa nguvu, ili mwenye gamba asiwe na shaka. Tukashika mipini na michi, tukakipiga kichuguu kile mpaka mikono ikafa ganzi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyoka hakutoka. Walitoka kumbikumbi. Kwanza mmoja mmoja, kisha kama moshi, na sisi watu wazima wenye tanuru linalotungoja tukasahau tanuru. Lemi alivua shati akalifanya mtego. Mimi nilikuwa nawang'oa mabawa na kuwatia mdomoni wakiwa wazima, na kama hujawahi kuwala hivyo usinihukumu. Kuku wa Mama Adiru wakaja mbio. Vyura wakaja, wanene, wakaketi kwenye mdomo wa tundu wakila bila hata kuruka. Mama Adiru alikuwa amesema wote, na wote walikuwa wanakuja.

Kenyi akaona tundu kubwa, akataka kuliwekea debe lijae. Akainama. Alipeleka uso mahali ambapo kila siku alituambia tusipeleke hata mkono. Swila alikuwa anamfuata chura kutoka ndani, na walikutana pale mlangoni, uso kwa uso. Niliona shingo inatanuka, nyeusi, na chini yake utepe mwekundu. Hakuuma. Alitema tu, mara moja, akarudi ndani. Swila anaweza kutema umbali wa watu wawili waliolala chini, na analenga macho. Kenyi alikuwa karibu kuliko hapo.

Alianguka akajishika macho. Kenyi ambaye nilimwona akibeba tofali la moto bila kukunja uso, siku hiyo alilia kama mtu anayechomwa. Na sisi tukaanza kelele. Mmoja alitaka mkojo. Mwingine alitaka maji ya tumbaku. Lemi alikuwa ameshavua jiwe jeusi shingoni na anatafuta pa kulibandika kwenye jicho la mtu. Mimi nilisimama tu, mdomo umejaa kumbikumbi, nikiwaza tanuru lile na macho yale.

Aliyefanya kazi ni Zaituni. Alikuwa binti wa Kinubi kutoka mtaani kwetu, mwenye kutuletea maji ya kukandia udongo kutoka kijitoni, na alikuwa anashuka na debe kichwani wakati huo huo. Hakutua debe njiani. Alikuja nalo mpaka pale, akalitua, akapiga magoti kando yake, akamshika viganja.

“Baba, hapana sugua. Wacha mikono.”

“Nachoma, binti. Nachoma sana.”

“Najua. Ni kama pilipili. Pilipili ukisugua inaingia, ukimwaga maji inatoka. Fungua jicho.”

“Siwezi.”

“Rajabu, mushike mikono. Lemi, weka hiyo jiwe yako mufukoni, kuja shika kichwa.”

Tukatii. Akamlaza kichwa upande, akamfungua kope kwa vidole vyake, akamwagia maji taratibu, kutoka puani kwenda nje, jicho moja kisha la pili, kisha tena. Debe likaisha. Akanituma kijitoni na debe, nikakimbia, nyayo zangu bapa siku hiyo ziliruka. Nikaleta lingine, na lingine. Maji yote ya kukandia tanuru yalipita kwenye macho ya Kenyi. Baadaye nilimuuliza Zaituni alijuaje, akasema kwao jikoni walisaga pilipili tangu akiwa mdogo, na nyanya yake hakuwa na dawa nyingine. Kisha tukampakia Kenyi kwenye baiskeli yake mwenyewe, Lemi akaisukuma, tukampeleka kwa muuguzi. Muuguzi aliendelea kuosha, akatia dawa, akamfunga kitambaa machoni. Tulimuuliza ataona? Akasema, “Mumeosha vizuri. Sasa mungoje.”

Kungoja kulikuwa kubaya. Tulikandika tanuru kwa udongo mzito wa bondeni, mawingu yakikua, tukawasha moto kwa sababu hatukuwa na namna. Kenyi alikaa kwenye kigoda upande usio na moshi, kitambaa machoni, akanifanya mimi niwe macho yake.

“Rangi gani?”

“Nyekundu, Fundi.”

“Nyekundu ya nini? Nyekundu iko mingi.”

“Ya nyama.”

“Nyama ya leo ama ya jana?”

Nikachungulia tena kwenye mdomo wa tanuru, nyusi zikiungua, nikatambua kwamba hata sikuwa nimeangalia. Nikasema ya jana, imeanza kukolea. Akaagiza kuni. Hivyo hivyo tulikwenda, yeye akiuliza na mimi nikijifunza kuona kwa mara ya kwanza maishani. Niliogopa kukosea, na niliogopa zaidi kwamba ananifundisha kwa sababu ameshajua hataona tena. Hakulisema. Alitaka tu kujua kama chungwa ninaloliona kwenye moto, ile rangi ya kuziba midomo, limeiva ama bado.

Wenzangu wengine walikuwa wameshaamua habari ya kichuguu. Walikusanya nyasi kavu na kuni, wakaweka tayari kukichoma chote, nyoka na mchwa pamoja. Mama Adiru alikuja na kigoda, akakaa mbele ya tundu, akaanza kupembua maharage kwenye ungo. Wakamwambia ahame, akapembua. Lemi akasema basi tumngoje Fundi, kitambaa kikitoka aseme mwenyewe, kwa maana macho ni yake.

Siku ya kufungua kitambaa, Zaituni ndiye aliyempeleka kwa muuguzi. Sisi tulibaki na moto. Tuliwaona wanarudi bondeni, yeye amemshika Kenyi mkono, na kwa mwendo ule hatukujua kama anaongozwa ama anasindikizwa. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi. Hakutusalimia. Akaja moja kwa moja kwenye tanuru, akafumba jicho moja, akainama kwenye mdomo, akakaa hapo. Kisha akafumba lile lingine.

“Chungwa,” akasema. “Limeiva. Ziba mudomo.”

Tukakimbilia udongo. Yeye akarudi nyuma, akalitazama tanuru kutoka chini mpaka juu, taratibu, mstari kwa mstari.

“Rajabu. Ile mustari ya juu nani alipanga?”

“Mimi, Fundi.”

“Iko kama meno ya mbuzi muzee.”

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Zaituni alikaa chini akalia, uso ameufunika kwa ushungi, Lemi akacheka mpaka akapaliwa. Na tulipomaliza kuziba, wale wenye kuni wakamwendea Kenyi, wakamwonyesha kichuguu, na nyasi zilizo tayari, na Mama Adiru na maharage yake. Kenyi alifuta machozi kwa mkono wa shati, akamtazama yule mama kwa muda mrefu, kama mtu anayefurahi tu kuona uso wa mtu.

“Sisi tulipiga hodi,” akasema. “Mwenye nyumba akatoka. Sasa munamukasirikia nini?”

Kisha akamwambia, “Mama, uliniambia.”

“Nilikuambia,” Mama Adiru akasema. Akainuka na ungo wake, akatugawia maharage yale tukapike.

Matofali ya tanuru lile yalitoka mazuri, yanalia kama chuma ukiyagonganisha. Tangu hapo hatukugonga kichuguu baada ya mvua, na wakati wa mvua tulichukua udongo wa bondeni hata kama ni mzito. Zaituni nilimwoa, na mpaka leo kuna maji ya akiba kwenye debe mlangoni petu. Kenyi alichoma matanuru mengine mengi. Mwaka wa sabini na tisa vita vilitukuta, tukavuka mpaka na vichwa vyetu tu, na tuliporudi baada ya miaka, mabati mengi yalikuwa yameondoka, lakini kuta za Kenyi zilikuwa zimesimama. Alikufa mzee, akiona mpaka mwisho, na mpaka mwisho akinionyesha tofali lililopinda.

Mama Adiru naye hayupo. Kichuguu kipo, kimekua, kimefunika lile pengo tuliloacha, na sasa ni cha mjukuu wake, msichana wa umri wenu. Mvua za mwaka huu alinitumia bakuli la kumbikumbi wa kukaanga, wenye chumvi ya kutosha. Nilimpigia simu kumshukuru, nikamuuliza kama yule mpangaji wa zamani ameacha ukoo. Akasema gamba lilikuwa mlangoni, jipya. Kwa hiyo alikisukuma chungu chake mlangoni kwa mti mrefu, akakaa mbali akangoja, na hakugonga.